Nyuki Waliolala Chali

Josiah Thripp alikuwa na duka la vitabu katika mtaa wa Paternoster, London, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kusoma kitabu kupita ukurasa wa kwanza. Wala hakuona haya. Ukurasa wa kwanza ndio wenye jina, na jina ndilo linalouza. Kurasa nyingine, kwa maoni yake, ziliwekwa ili mzigo uwe mnene. Kitabu kikidoda, alichana ukurasa huo, akachapisha mwingine wenye jina jipya na maneno "Toleo la Pili, Limesahihishwa", akakirudisha dirishani. Mtaa mzima ulifanya hivyo, ila yeye alijisifia.

Roho yake ilitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye mnada wa wauza vitabu. Wakubwa wa mtaa walikutana hotelini mchana, wakala, wakanywa, kisha wakauziana vitabu wao kwa wao. Asiye na barua ya mwaliko aliishia mlangoni, na Thripp aliishia mlangoni miaka kumi na minne. Mara mbili alijifanya anapita tu. Jumatatu moja barua ikaja, ina jina lake kwa wino mweusi. Aliisoma yote, muujiza huo, akaigongomea ukutani ili wateja waione.

Alikuwa akipaka unga nywele zake za bandia, tayari kwenda, alipoingia Bi Dorcas Whitlow na kikapu mkononi. Huyu alikuwa mjane wa kasisi kutoka Hertford, mfuga nyuki, na Thripp ndiye aliyemtolea kitabu chake miaka miwili nyuma.

"Bwana Thripp, habari za kitabu changu?"

"Kipi, mama?"

"Cha nyuki."

"Aa, kile! Nisikufiche, mama. Hata panya wa ghalani wamekisusia."

"Panya nimewaelewa. Wewe je, ulikisoma?"

"Mama yangu, muuza viatu huvaa vyote?"

"Basi nipe nakala moja nirudi nayo nyumbani."

Thripp akakohoa. Mwezi uliopita alikuwa amezitupa nakala zote mia nne kwa Mama Crump, mpika pai wa pale kona, afungie pai zake. "Zimekwisha," akasema.

"Zimekwisha vipi, na hakuna aliyenunua?"

"Biashara hii ngumu kuielewa, mama." Akamfungulia mlango. Bi Whitlow akakitazama kikapu chake, akamtazama Thripp, akatoka bila kuaga.

Hotelini walimkalisha katikati, si pembeni. Ambrose Kettleby, jirani yake wa ng'ambo ya mtaa ambaye kwa kawaida hata salamu yake hakuipokea, leo alimmiminia mvinyo kwa mkono wake mwenyewe. Thripp alijiona amefika. Alichohitaji sasa ni kununua kitu cha maana, ili mwakani wasithubutu kumsahau.

Nyama ilipoondolewa, dalali akasimama. "Dola Isiyo na Wavivu: Habari za Malkia, Raia Zake na Hazina Yao. Toleo la Tatu, Limesahihishwa. Nakala mia tatu na themanini, hazijajalidiwa."

Malkia, raia, hazina! Siasa tupu, na siasa mwaka huo watu waliigombania.

"Hiki kinataka msomaji hasa," akasema Kettleby. "Sijui kama tunaye hapa."

"Yupo!" Thripp akaruka. "Nimekisoma mara mbili. Pale malkia anapowahutubia raia zake, jamani, machozi yalinitoka."

Mzee mmoja akajifuta mdomo kwa kitambaa, muda mrefu kuliko mdomo ulivyohitaji.

"Anawahutubia?" Kettleby akauliza. "Kwa sauti gani?"

"Ya upole. Lakini kali."

"Hapo umenena, bwana."

Thripp akapandisha bei mara tatu, mara mbili kati ya hizo akijipandishia mwenyewe. Nyundo ikagonga. Wakamletea nakala moja, maana desturi ilimtaka mnunuzi asimame na kukisifu kitabu kabla ya watu kuinua glasi. Akaifungua katikati. Palikuwa na picha ya mzinga, juu chini, na nyuki wote wamelala chali, miguu hewani. Picha hiyo aliijua. Mchapaji alipokuja kumwambia imegeuzwa, yeye ndiye aliyejibu, "Nyuki hajui juu wala chini, endelea." Pembeni ya ukurasa palikuwa na doa la mafuta, likinukia pilipili na nyama ya kondoo.

Angepiga kelele kwamba ameibiwa, ila angelazimika kueleza imekuwaje asiijue bidhaa yake mwenyewe, tena aliyoapa kuisoma mara mbili. Kiti kingemponyoka. Akasimama.

"Waungwana, sijawahi kushika kitabu bora kuliko hiki."

Walimshangilia mpaka sahani zikatikisika, na wengine walitoa machozi. Thripp akarudi dukani akiamini hakuna aliyegundua.

Asubuhi yake Bi Whitlow alimkuta kati ya marundo. Akachukua nakala, akafungua. "Mmesahihisha kila kitu, nyuki wangu bado wako chali."

"Mama, ngoja nieleze."

"Nieleze yale machozi."

"Nani kakwambia?"

"Bwana Kettleby. Alinunua pai kwa Mama Crump, akasoma karatasi yake, akarudi kununua nyingine tatu ili amalize sura. Kisha akazichukua nakala zote zilizobaki, akaniandikia barua. Jana nilikuja na kitabu changu cha pili kikapuni. Ungeniambia neno moja la kweli, ningekuachia wewe. Nimempa yeye."

"Kettleby ni mwizi!"

"Najua. Lakini mwizi anayesoma."

Thripp akanyoosha kidole ukutani. "Semeni mtakavyo. Mimi nilialikwa! Baada ya miaka kumi na minne, walinialika!"

Bi Whitlow alimhurumia, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Akasogea ukutani, akaing'oa barua taratibu, akaigeuza, akamwekea mezani. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya chapa ya ukurasa wa kwanza uliochanwa kitabuni, nayo Thripp akayasoma mpaka mwisho: Ufugaji wa Nyuki, na Dorcas Whitlow. Kimetolewa na Josiah Thripp, mtaa wa Paternoster.