Jalada la Kofia ya Lukumani

Kifuniko cha birika kiligonga mara tatu, kikatulia, kikagonga tena. Bi Batuli alikuwa ameshaamka. Alikiacha kigonge kidogo, maana nyumba ya mtu mmoja haina mengi ya kusema alfajiri. Kisha akaepua chai, akanywa kikombe kimoja, akafunga karanga kwenye kitambaa, akashika njia ya mjini kabla jogoo wa balozi hajawika.

Alikuwa anakwenda polisi kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba mumewe amekufa.

Mumewe, Lukumani Masolwa, alikufa kwa homa mwaka mmoja baada ya uhuru, akazikwa Itetemia mbele ya watu wengi. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyelibishia hilo. Lakini ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, watu wakapangwa kwenye mistari ya viwanja katika kijiji kipya, mtu fulani akanakili majina kutoka daftari la zamani, na Lukumani akaandikwa mkuu wa kaya. Tangu siku hiyo akawa anaitwa kila asubuhi kwenye shamba la kijiji. Hakuitika hata mara moja.

"Mumeo ni mtoro," alisema katibu wa kijiji, kijana mmoja aitwaye Tobias. Alisema kwa upole, na kwanza alimsogezea mama wa watu kiti kivulini. "Siku arobaini na moja, mama, hajashika jembe."

"Hawezi, mwanangu. Amekufa."

"Una karatasi?"

Mzee Abbasi, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amekaa papo hapo. "Mimi niliingia kaburini kumpokea," alisema. "Nilimlaza kwa mikono hii."

"Nakuamini, ndugu balozi. Lakini mikono yako haina muhuri."

Kamati ilikuwa imeamua kwamba mkuu wa kaya akikosa siku sitini, kiwanja chake anapewa mwingine. Bi Batuli alikuwa na nyumba ya vyumba viwili aliyoikandika mwenyewe, udongo alioukanyaga kwa miguu yake. Zilibaki siku kumi na tisa. Baada ya hapo angepelekwa kijiji kingine, asikojua hata pa kuteka maji.

Ndipo balozi alipokumbuka. "Siku ya msiba si alikuja askari? Aliandika yule. Lazima aliandika na aliyekufa ni nani."

Kisa hicho wote walikijua. Shomari, Mzaramo wa reli, alikuwa mtani wa marehemu, kwa sababu Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu babu zao walipokuwa wakipita kwa wenzao na misafara ya kwenda pwani. Msibani mtani ana haki zake. Shomari alivaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akapita katikati ya waliofiwa akikohoa kama Lukumani na kuuliza mbona wali hauivi. Watu waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakalia upya. Akatangaza kwamba kofia haitoki kichwani mpaka apewe jogoo. Hapo akapita askari mgeni juu ya baiskeli, kijana wa kutoka mbali, ambaye kwao hakuna utani wa namna hiyo. Yeye aliona mtu anamwibia maiti. Akamkamata, pamoja na kofia na bakora. Shomari aliachiwa baadaye, vitu vikabaki kituoni.

Kituoni, sajini alisimama alipomwona bibi mlangoni, akamfutia benchi vumbi kwa kofia yake mwenyewe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Jina lake Dionis. "Huyo mwizi namkumbuka," alisema. "Nilimkamata mimi. Ilikuwa kesi yangu ya kwanza."

Bi Batuli akamshukuru Mungu kimoyomoyo. "Basi ninakilie hayo maandishi nimpelekee katibu."

"Kumbukumbu za kituo hazitolewi ovyo, bibi. Wanaoweza kuomba ni watatu: mwenye mali, mlalamikaji, na mtuhumiwa."

"Mwenye mali ni Lukumani."

"Basi aje."

"Amekufa."

"Una karatasi?"

Bi Batuli hakukasirika. Alifungua kitambaa, akala karanga mbili, akamsogezea na yeye. "Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi. Ninyi wafiwa mlikataa kulalamika, ikabidi nilalamike mwenyewe." Alitafuna, akafikiri. "Nami siwezi kujiandikia barua. Je, nikijikatalia?"

"Amebaki Shomari."

"Akija na barua ya maombi nitaipokea. Ila mwambie asije akatoroka. Hatujamalizana."

Akamtekea maji ya mtungini, akamwambia saa ya treni ya Kigwa, anakokaa Shomari, akamsindikiza mpaka barabarani.

Shomari alikuwa amestaafu kazi ya reli na nusu ya meno yake. Bi Batuli alimkuta akipalilia mihogo, hatua chache kutoka penye mataruma ya reli.

"Mke wangu," alisema bila kuinuka, "miaka kumi na miwili hujaja kunitazama. Umeleta jogoo wangu?"

"Nimeleta shida, mwizi wewe."

"Wanyamwezi ndio wabeba mizigo. Leo mwanitwisha mimi?"

"Wazaramo mmezoea kula tu. Leo beba nusu."

Shomari akacheka. Kisha alisikiliza, na aliposikia habari za kiwanja aliacha jembe pale pale, akaenda kunawa. Usiku ule Bi Batuli alilala chumbani kwa binti wa Shomari. Asubuhi wakapanda treni pamoja, na mzee akambebea furushi lake mgongoni, ingawa mgongo wenyewe ulikuwa umepinda.

Barua aliiandika ndani ya behewa, juu ya goti: "Mimi Shomari, mwizi wa kofia, naomba kusomewa wizi wangu."

Sajini aliisoma mara mbili, akaiingiza kwenye daftari la barua, akaenda stoo. Alirudi na kitabu cha matukio na mfuko mrefu wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia na bakora, kila kimoja kimefungwa kikaratasi kwa uzi. Akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Mtuhumiwa alikutwa amevaa kofia ya Lukumani Masolwa, aliyefariki jana yake, akidai wali."

"Sikudai wali," alisema Shomari. "Niliulizia tu."

Bi Batuli alikuwa ameishika kofia. Ilinuka stoo na mende. Lakini kwenye pindo la ndani ulikuwepo ule uzi wa kijani aliomshonea mumewe siku uzi mweupe ulipokwisha, na Lukumani akasema hakuna atakayechungulia huko.

"Sasa utanakili?" aliuliza, akiupitisha uzi kwenye kidole.

"Hapana, bibi. Jalada bado liko wazi. Nakala hutolewa likishafungwa, nalo hufungwa mwenye mali akija kusamehe."

Shomari aliitwaa kofia taratibu, akaivaa, akashika bakora, akakohoa. "Haya, nimefika. Mimi Lukumani. Shomari nimemsamehe, ni mtu mwema mno. Mpeni na jogoo wake."

Askari wawili waliokuwa dirishani walitoka nje haraka. Bi Batuli aliinua macho upesi, maana kikohozi kilikuwa kile kile.

Sajini hakucheka. Alishika kalamu. "Mzee, hili ni kosa la pili. Kujifanya marehemu. Nisipoliandika nitakuwa nimelificha."

"Marehemu," Bi Batuli alilirudia neno lile polepole. Kisha akauliza, "Mwanangu, nanyi mkimkatalia mtu ombi, mnamkatalia kwa mdomo?"

"Kwa maandishi, bibi. Na sababu tunaitaja."

"Basi nikatalie."

Sajini akarudisha kalamu mezani, akafungua mtoto wa meza, akachagua karatasi isiyo na kunyanzi hata moja. Aliandika kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtu asiyeona vizuri. Muhuri aliupulizia pumzi kwanza, akaugonga mara mbili.

"Unisamehe, bibi, sikuweza kukusaidia," alisema, macho yake yakiwa dirishani.

Kijijini, katibu Tobias aliisoma barua akiwa amesimama. "Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwenye mali, Lukumani Masolwa wa Itetemia, alifariki mwaka 1962, na kwa hiyo hawezi kufika." Aliinua karatasi juani, akautazama muhuri mbele na nyuma.

"Hawezi kufika," alisema, na ungemwona jinsi alivyoshusha pumzi. "Mbona hamkuniambia mapema?"

Balozi alifungua kinywa. Bi Batuli akamkanyaga mguu.

Mbele ya jina la Lukumani katibu aliandika: "Udhuru umekubaliwa na polisi." Chini yake akaandika jina la Batuli, mkuu wa kaya, kiwanja ni chake.

"Na zile siku alizotoroka?" balozi alishindwa kujizuia.

"Zimesamehewa. Ila wewe, mama, kesho saa kumi na mbili, na jembe."

Alikwenda, na jembe. Jumamosi iliyofuata alikaanga karanga nyingine, akampelekea sajini. Kabla hajaomba kitu, Dionis alikuwa ameshaitoa kofia, imepigwa brashi, akamwekea mapajani. Bi Batuli alikaa nayo benchini wakati watu wakiingia na kutoka na habari za mbuzi na baiskeli. Alipoirudisha, sajini aliandika kitabuni kwamba kidhibiti kimekaguliwa na ndugu wa mwenye mali.

"Hili jalada litafungwa lini, mwanangu?"

"Likifungwa bila mwenye mali kufika, vidhibiti huchomwa moto, bibi." Aliifunga kofia tena na kikaratasi chake. "Ndiyo maana miaka yote hii sijalifunga."

Alimpa mkono kushuka ngazi, akabaki kizingitini.

"Mwezi ujao njoo tena uikague," alisema. "Na yule mwizi, ukimpata, uje naye."