Gogo la Mlangoni

Mume wangu amejaliwa kusema, hakujaliwa kutazama. Nalitaja mapema ili msije mkasema namsengenya. Hata yeye mwenyewe analikubali, ukimkuta ameshiba.

Mwaka wa pili wa korona, binti yetu Boitshepo alirudi nyumbani kujifungua. Huko mjini alikuwa ameshapoteza mimba tatu, na kila mara mimi ndiye niliyesafiri kwenda kumshika mkono. Huyu wa nne alitoka mzima, kamwili kadogo lakini sauti ya hakimu. Nikawaingiza wote wawili katika nyumba yetu ya msonge, nikalaza gogo la mgunga mbele ya mlango, kama mama yangu alivyonilazia mimi. Gogo likishalala pale, maneno yamekwisha. Mwanamume haingii, hata akiwa baba wa mtoto. Aliyetoka safari haingii. Aliyetoka mazishini haingii. Naingia mimi na uji, natoka mimi na nepi, mpaka miezi ipite, mtoto akomae, ndipo tumtoe nje kwa sherehe watu waje kula.

Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba huyu hatanitoka. Niliosha mikono mpaka ngozi ikapauka. Watu walikuwa wanakufa, tena watu tunaowajua, na usiniulize habari za usingizi siku zile.

Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa korona peke yake, kilikuwa korona pamoja na wifi yangu. Mama Oteng ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Palapye, na mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja. Siku ya harusi yangu alionja ugali wa mtama niliousonga kwa mikono yangu, ulioungua kidogo chini, akauliza mbele ya wakwe kama kwetu kumewahi kuungua nyumba. Mlango wa mtu mwingine, kwake, ni pazia. Basi akapiga simu.

"Nakuja kumwona mjukuu wangu."

"Wifi, kuna gogo."

"Gogo! Unanieleza mimi habari za gogo? Mimi si nilikuwapo ulipokuwa hujui hata kufunga kitambaa cha kichwa?"

"Njoo mwisho wa mwezi tukimtoa nje, wifi."

"Nitakuja ninapokuja," akasema, akakata simu.

Wiki hiyohiyo chifu akatuita kgotla, uwanja wa baraza la kijiji. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza masharti, na chifu alitaka kusikia kijiji kinasemaje: sherehe na matanga yarudi kwa watu wote, au kwa waliochanjwa, au tuendelee kukaa kila mtu kwake. Mimi nilikuwa na hamu na jibu, maana bila jibu hilo mjukuu wangu angetolewa nje mbele ya kuku na mbuzi tu. Mume wangu naye alikuwa na hamu, ila yake ilikuwa ya kusema. Wiki nzima alizunguka uani akinong'ona hotuba yake, punda wetu wa mkokoteni wamesimama hawana kazi, kuni zimekwisha na hajaenda kukata nyingine.

Asubuhi ya mkutano ilikuwa ya baridi kali. Nilimnywesha Boitshepo uji, nikaona wamelala yeye na mtoto, nikajifunga blanketi langu la mabegani nikatangulia na wanawake wenzangu. Mume wangu alibaki anatafuta kofia, ambayo akifika kgotla lazima aivue.

Kama mnavyojua, wakati wa baridi kila mwanamume huja kgotla na kiti chake na kuni yake kwa ajili ya moto wa pale. Atakayekwenda mikono mitupu atasimangwa mpaka mvua zinyeshe. Baba Boitshepo akaja amechelewa kidogo, kiti mkono mmoja, gogo begani, uso wa mtu mwenye jambo. Viti vilikuwa vimepangwa mbalimbali, barakoa usoni, na mimi nilikaa kwa nyuma upande wa wanawake. Sikulitazama hilo gogo. Nani hutazama kuni?

Alipopewa nafasi alisimama kama amezaliwa siku ile kwa kazi ile.

"Chifu, na wazee wenzangu. Mimi nauliza swali moja tu. Tangu lini sisi tukafungiana milango? Tangu lini mgeni akaulizwa alikotoka kabla ya kupewa maji? Tulianza na barakoa. Tukaja kuzika watu kwa haraka kama tunaficha wizi. Leo naambiwa, ukitaka nyama ya sherehe, toa mkono uchomwe. Mimi si ndama!"

"Mwambie, mzee!" wakapaza wengine.

"Na baa ifunguliwe kwa wote," akadakia mwenye baa.

"Wewe kaa chini, tunajua kinachokuuma," chifu akamwambia, watu wakacheka.

Hapo akasimama jirani yetu, Mama Tshenolo, na kicheko kikafa.

"Nyie chekeni," alisema. "Mimi mume wangu nilimzika watu wamesimama mbalimbali kama nguzo za ua. Hakuna aliyekunywa hata chai kwangu. Niliingia ndani peke yangu nikafunga mlango. Nimeshachanjwa. Kama sindano ndiyo itakayorudisha watu uani kwangu, nichomeni na nyingine sasa hivi."

Akakaa. Nilitamani kwenda kumshika, na hata hilo lilikuwa limekatazwa.

Mtu mwingine yeyote angemwachia Mama Tshenolo neno la mwisho. Mume wangu si mtu mwingine yeyote. Alikohoa kidogo, akasema pole mama, kisha akaendelea palepale alipoachia.

"Nasema hivi. Nyumba ni ya watu, na mlango wa nyumba uwe wazi!" Na kwa kulitia neno lake nguvu, akainama, akalisukuma gogo lake katikati ya moto.

Ndipo nikaliona. Lilikuwa na kovu ubavuni, pale shoka la marehemu baba yangu lilipoteleza siku alipolikata. Nilisimama kabla sijajua nimesimama.

"Chifu, naomba kusema."

"Mama Boitshepo, mumeo hajamaliza."

"Nikisubiri amalize, Chifu, atakuwa ameshachoma mlango wangu."

Watu wakageuka. Mume wangu akanitazama, akalitazama gogo, akanitazama tena.

"Anauliza tangu lini tunafungiana milango," nikasema. "Tangu siku mama yake alipomzaa yeye! Gogo kama hilo lililala mlangoni, na baba yake alisimama nje akipiga mluzi mpaka aruhusiwe. Mbona hakuiita nyumba jela? Tunafunga kwa sababu ndani kuna kitu tunakipenda. Na hatufungi milele. Tunamlisha mtoto, akipata nguvu, tunaliondoa gogo na tunakula nyama. Hiyo sindano ni uji wa kutupa nguvu, basi. Usitake kunywa, hakuna atakayekushika pua. Lakini kwangu..."

Kwangu! Kama gogo lilikuwa hapa, kwangu mlangoni kulikuwa na nini?

Sikuaga. Nilipita katikati ya wanaume, jambo ambalo mama yangu angelifufukia, nikalivuta gogo motoni, nikalizimisha mchangani, nikalitia begani likifuka moshi, nikakimbia. Nyuma yangu kgotla nzima ilikuwa inacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Nilipofika langoni nikaona begi. Begi la bluu, kamba imefungwa kwa fundo ambalo linafungwa na mtu mmoja tu duniani. Wifi yangu amefika. Ametoka Palapye, basi zima la watu, amekuta hakuna gogo, na yeye hata gogo likiwepo huwa haoni. Nilijua kwa hakika kwamba muda huo amemkumbatia mtoto na anampumulia usoni.

Nikazunguka nyumba.

Wifi yangu alikuwa amelala chini. Alikuwa amejinyoosha kwenye ardhi ya baridi, amekingama mlango kutoka mwimo mpaka mwimo, blanketi lake chini, barakoa usoni, viatu vimetazama juu. Mama mtu mzima, mwenye sukari, mwenye magoti mabovu.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Gogo lako liko wapi?"

Nilikuwa nalo begani, linanuka moshi. Akalitazama.

"Hata gogo unaliunguza," akasema. "Kaka yangu alioa nini!"

Kutoka ndani nikamsikia Boitshepo anacheka. "Mama, shangazi amekataa hata nimletee mto. Amesema nikisogea mlangoni atanichapa."

"Wifi, kwa nini hukukaa langoni?" nikauliza.

"Nikikaa langoni si watapita kwa nyuma? Wale watoto wa jirani wamekuja wakitaka kuchungulia, nimewafukuza. Nimeona hapa hakuna gogo na nimesikia mtoto ndani. Nikasema basi, acha niwe gogo."

"Lakini wewe umechanjwa, ulinitumia picha unajisifu."

"Nimechanjwa mimi, sikuchanja basi zima. Tangu Mahalapye kuna bwana alikuwa anakohoa nyuma ya shingo yangu. Nimemgeukia nikamwambia, baba, kohoa upande wa dirisha, akaniambia ni vumbi." Akaanza kujiinua taratibu, akishika ukuta. "Usinishike! Weka gogo kwanza."

Nikaweka gogo. Kisha nikakaa chini upande mwingine wa ua, mbali naye kama sheria ilivyotaka, tukatazamana. Miaka yote ile nilikuwa nimemhesabu adui.

Halikuwa vumbi. Baada ya siku chache wifi alipata homa, muuguzi akaja kumpima, na ilikuwa korona. Tulimweka katika chumba cha jikoni nyuma ya ua. Nililaza kipande kingine cha mti mlangoni kwake pia, nikawa nasukuma bakuli kwa ufito. Niliogopa kwa ajili yake kama nilivyoogopa kwa ajili ya mtoto, na sikudhani ningeweza kusema hivyo kuhusu mtu yule. Usiku mmoja homa ilipanda, asubuhi ikashuka. Siku iliyofuata alionja uji, akasema una chumvi kama machozi ya ng'ombe, nikajua amepona. Muuguzi alituambia wazi kwamba kwa umri ule na sukari ile, chanjo imemsaidia sana. Ndani ya nyumba ya msonge hakuna aliyepata hata mafua.

Mume wangu siku zote hizo alikaa kwenye kiti chake cha kgotla, nje ya chumba cha dada yake, kwa mbali. Asubuhi moja akavaa koti.

"Unakwenda wapi, Baba Boitshepo?"

"Kliniki. Naenda kutazama foleni tu."

"Foleni inatazamwaje?"

"Mwanamke huyu ana maswali!" akasema, akaenda zake. Alirudi ameshikilia mkono wa kushoto kama amebeba yai, nami sikumuuliza kitu. Lakini dada yake, aliyekuwa ameshasimuliwa hotuba yote, alipaza sauti kutoka jikoni: "Ndama amerudi?"

Chifu naye akatoa uamuzi wake. Hakuna atakayefuatwa kwake na sindano, akasema, lakini kila mwenye sherehe ana haki ya kuweka gogo lake: atakaye waliochanjwa tu, aseme hivyo, na aheshimiwe. Wapo walionung'unika, na wapo wanaonung'unika mpaka leo. Mama Tshenolo alikuwa wa kwanza kuita watu, akampikia marehemu wake chakula ambacho hakuwahi kupikiwa.

Sisi tukafuata. Nilichelewesha kumtoa mtoto mpaka wifi apone kabisa na nguvu zimrudie. Siku hiyo wanaume walikuwa nyuma wanaponda nyama iliyochemshwa, kama ilivyo kwetu kwenye sherehe, mume wangu akiwaelekeza watu ambao hawakuhitaji kuelekezwa, na baba wa mtoto amesimama karibu na mlango, anapiga mluzi. Sufuria langu la ugali wa mtama lilikuwa motoni. Kwa desturi, gogo huondolewa na mama wa mzazi, na wote walikuwa wananitazama mimi.

"Wifi," nikaita. "Njoo uliondoe."

"Mimi? Hiyo ni kazi yako."

"Lilikuwa lako siku ile. Njoo."

Akaja na magoti yake. Akaliinua lile gogo lenye ncha nyeusi, akaliegemeza ukutani, akajifuta mikono kwenye sketi. Boitshepo akatoka kwenye jua, anafinya macho, na mtoto kifuani. Nilimpokea mtoto kutoka kwake. Nikampita baba yake, nikampita babu yake ambaye alikuwa ameshanyoosha mikono, nikamweka mikononi mwa wifi yangu. Kisha nikapiga magoti mbele yake, na wageni wote wanaona, nikakutanisha viganja nikasema asante, asante wifi, asante, na nikashindwa kuacha.

Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Barakoa yake ilikuwa imelowa.

"Inuka," akasema mwishowe. "Ugali wako unaungua."

Ulikuwa unaungua kweli. Aliula wote, akaomba tena.