Pima Upya

Konstebo alipiga goti kwenye lami iliyochemka, akabana ncha ya utepe wa kupimia kwenye ukingo wa barabara, na kumwomba mama mmoja muuza ndizi amshikie ncha ya pili pale lilipolala tairi la mbele la pikipiki. Mita moja na sentimita arobaini. Akaandika kwenye daftari, akahama, akapima kutoka kwenye tairi hadi mstari mweupe wa katikati. Mita mbili na kumi. Kwa hesabu yoyote ile, hata ya mlevi, pikipiki ilikuwa upande wake.

Vioo vya taa za gari jeusi lililoigonga vilikuwa vimetapakaa upande huohuo. Alama za breki zake zilianzia ng'ambo, zikaukata mstari usioruhusiwa kukatwa, zikaja kuishia kwenye pikipiki. Barabara ilikuwa imeshaandika kila kitu. Yeye kazi yake ilikuwa kunakili tu.

Kando ya mtaro alilala mama wa mwendesha pikipiki, amefunikwa shuka la msamaria mwema, miguu nje, mmoja hauna kiatu. Kofia ngumu ilikuwa bado kichwani mwake, mkanda umefungwa barabara kidevuni. Mwanawe alikwisha kupakiwa kwenye pikapu na kukimbizwa hospitali, hajitambui.

Dereva wa lori la saruji alikuwa amesimama kumsubiri, jambo ambalo madereva wa malori hawana mazoea nalo. Alieleza kwamba alikuwa anapanda mlima taratibu na mzigo wake, lile gari jeusi likaja nyuma, likakosa subira, likampita palepale kwenye mgongo wa mlima pasipoonekana mbele. Yule wa pikipiki alikuwa anakuja zake, taa inawaka, mwendo wa kawaida. Hakuwa na pa kukimbilia. Dereva akatoa jina na namba ya simu, konstebo akaviandika, lori likaondoka.

Konstebo hakuhitaji kutafuta kitambulisho cha mwendesha pikipiki. Ni yeye aliyemfundisha.

Kila Jumatano asubuhi alitumwa kwenye kijiwe cha njia panda kuwafundisha waendesha pikipiki namna ya kwenda salama kwenye barabara kuu. Wenyewe walimwita mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Aliwaambia washe taa hata jua likiwa utosini. Wakae kushoto, lakini wasijibanze ukingoni kama wezi. Wasilipite gari mlimani. Abiria naye avae kofia. Walimsikiliza huku kofia zao zimening'inia mkononi, naye akawa anawaambia kwamba anaona ubongo wao umehamia kwenye kiwiko. Walicheka, wakavaa, na alipogeuka tu zikarudi kwenye viwiko.

Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mke na watoto watatu, na alikuja na daftari. Aliuliza maswali ambayo wengine waliona aibu kuuliza. Lori likikupita kwa kasi, ule upepo unaofuata unaufanyaje? Konstebo alimwonyesha: bana tangi kwa magoti, legeza mikono, usipigane na usukani, upepo utakusukuma, halafu utakuacha. Wiki iliyofuata alikuja kumwambia kuwa amejaribu na ni kweli. Alinunua kofia ya pili kwa ajili ya abiria, na asiyetaka kuivaa hakupanda, hata kama kijiwe kizima kingelala njaa siku hiyo. Kwa sababu ya kuwasha taa mchana wenzake walimbatiza jina la Taa, wakamuuliza nani anamsaidia jua kulipa bili. Naye akacheka nao, na taa hakuizima.

Konstebo alimpenda Taa kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi mmoja anayemfanya aamini kuwa hapotezi sauti yake bure.

Sasa, kituo kile kilikuwa na desturi yake. Mchoro wa ajali ulichorwa kwa penseli siku ya kwanza, na wino ukapitishwa baadaye. Konstebo alipofika pale aliambiwa ni kwa ajili ya usafi, mtu akikosea mstari asiharibu karatasi ya serikali. Alikuwa amekaa mwaka mmoja na miezi minne, na michoro yake yote ilikuwa ya magari ya watu wadogo kwa wadogo, ikapita wino kama ilivyo. Alikuwa bado anaamini habari ya usafi.

Siku ya pili mkuu wa kituo alimwita. Alimkaribisha kiti, jambo la kutia hofu lenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mjomba kwenye kikao cha posa, na hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Mchoro ulikuwa mbele yake. Alisema ni kazi safi, mistari imenyooka, ila mchoro una tatizo dogo. Mheshimiwa, mwenye lile gari jeusi, alikuwa amempigia simu. Ana maumivu ya shingo, maskini, na kwa maelezo yake pikipiki ndiyo iliyomfuata upande wake.

"Afande, nilipima," konstebo alisema. "Alama za breki zipo."

"Pima upya."

"Magari yamepita toka jana, afande, na mvua imenyesha. Hakuna alama tena."

"Ndiyo maana nakwambia upime upya."

Konstebo akataja lori. Mkuu akauliza lori gani. Konstebo akafungua daftari kumwonyesha jina na namba, na mkuu akalipokea lile daftari kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akalifunga na kuliweka kwenye droo yake. Kisha akampa habari za hospitali. Taa amezinduka. Mguu mmoja umesagika na hautapona sawasawa, lakini jambo kubwa ni kichwa: daktari ameandika kwamba hakumbuki chochote kuhusu ajali.

"Sasa, binti yangu," alisema, "mtu ambaye mwenyewe hakumbuki, wewe unamkumbukia nini?"

Droo ileile ilikuwa na barua ya konstebo ya kuthibitishwa kazini, imesubiri sahihi kwa miezi minne. Mkuu hakuitaja. Alimuuliza tu kama mama yake anaendeleaje na presha, na kama mtoto amezoea shule mpya. Konstebo aliishi nao wote wawili kwenye chumba kimoja cha kota nyuma ya kituo, na kila aliyekaa kota alijua utaratibu: kazi ikiisha asubuhi, ufunguo unarudishwa mchana. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kituo kile kiliishia nusu ya kwanza.

Alimweleza mama yake, akitarajia sijui nini, labda aambiwe asikubali. Mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliuliza huyo marehemu alikuwa na umri gani, akaambiwa, akasema tulikuwa rika moja. Akaendelea kuchambua. Baadaye sana, bila kuinua uso, akasema mwenye nguvu mpishe, mwanangu, wafu hawaombi chumba.

Basi akapima upya, mezani, kwa rula. Alifuta kwanza alama za breki, maana ndizo zilizokuwa zinapiga kelele. Akafuta lori, lote na saruji yake, na mlima ukabaki mweupe kana kwamba halikuwahi kupanda. Gari jeusi akalirudisha upande wake, likatulia pale kama gari la mchungaji. Ilipofika zamu ya pikipiki akajiambia liwalo na liwe. Akaichora sentimita themanini ng'ambo ya mstari. Penye maelezo ya abiria akaandika kwamba hakuvaa kofia. Hilo hakuna aliyemwamuru moja kwa moja; mkuu alisema tu kwamba mchoro mzuri ni ule ambao kila kitu kinakubaliana. Akapitisha wino, akatia sahihi, na barua yake ikatoka Ijumaa.

Alikwenda hospitali kuchukua maelezo kwa sababu lazima mtu aende, na koplo mmoja akatumwa afuatane naye. Taa alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba, kichwa kimenyolewa upande. Mkewe alikuwa pembeni, mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

Taa alimwona konstebo akajaribu kuinuka. Alisema anakumbuka kumfungia mama mkanda wa kofia, na mama kulalamika kwamba inambana masikio. Anakumbuka wanauanza mlima. Mama alikuwa anamsimulia ugomvi wa majirani, naye anamwambia mama, tuongee tukifika. Baada ya hapo hakuna kitu. Amejaribu kukumbuka usiku na mchana, hakuna.

"Mwalimu, nilikuwa upande wangu?"

Koplo alikohoa. Konstebo alisema uchunguzi unaendelea.

"Huyu hata mstari wa daftari havuki," mkewe alisema, akimtazama konstebo usoni. "Wewe unamjua."

Konstebo aliandika: mgonjwa hakumbuki. Alipotoka nje ya wodi alijiegemeza ukutani, akajichukia, kisha koplo akamwambia gari linawasubiri.

Kesi ilianza miezi mitano baadaye. Mashtaka yalikuwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo cha mama yake mzazi. Mheshimiwa hakufika, haikuwa na haja, yeye alikuwa mlalamikaji na maelezo yake yalikuwemo kwenye jalada. Taa alipanda kizimbani na magongo mawili, akiwa amevaa shati la kanisani, limepwaya. Wenzake wa kijiweni walijaza mabenchi mawili ya nyuma. Walikuwa wamemtafutia wakili wa kujitolea, kijana mwembamba mwenye haraka, na huyo wakili alimwambia akane tu, mengine wataona mbele. Mkewe naye alikuwa amemwambia hivyo asubuhi hiyo, na jana yake, na wiki nzima.

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya kosa. Akatoa mchoro, ukapelekwa kizimbani mshitakiwa auone. Taa aliegemeza magongo, akaushika mchoro kwa mikono yote miwili na kuutazama kwa muda mrefu, mpaka hakimu akamuuliza kama anajua kusoma.

"Najua, mheshimiwa."

"Unaelewa ulichoelezwa? Ni kweli au si kweli?"

Wakili akanyanyuka. Mkewe, kwenye benchi la mbele, akasema kwa sauti ya chini, kana. Konstebo alikuwa amekaa upande wa mashahidi, kofia ya kazi mapajani, na katika nafsi yake yote alikuwa anasema neno hilohilo. Akikana, kutakuwa na ushahidi. Kutakuwa na maswali. Huenda wakili akauliza habari za lori. Yeye mwenyewe hatathubutu kulitamka, lakini akiulizwa, akiulizwa tu, huenda ulimi ukamponyoka, na Mungu akamsaidia. Alikuwa ameweka tumaini lake lote kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimuuza.

"Mheshimiwa hakimu," Taa alisema, "mimi sikumbuki. Lakini aliyechora hapa ndiye aliyenifundisha barabara. Amepima kwa utepe. Mimi nitabisha kwa kipimo gani?"

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Kama mwalimu amechora hivyo, ni kweli."

Mabenchi ya nyuma yakanung'unika, karani akataka kimya. Hakimu akaandika. Alisema mshitakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe, na kwamba adhabu itasomwa baada ya mapumziko. Wakili akakusanya karatasi zake. Alikuwa na kesi nyingine chumba cha pili.

Walimkalisha Taa kwenye benchi la korido, askari magereza kushoto kwake. Mkewe alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo wote. Konstebo alipita na jalada kwapani akielekea ofisi ya mashtaka, akitembea upesi, akitazama mbele.

"Mwalimu."

Akasimama. Taa alimwomba radhi kwa kumchelewesha. Alisema kuna jambo moja anataka kujua kabla hawajamwita, maana kule wanakompeleka hataweza kuuliza. Ule mchoro una mistari mingi na macho yake toka ajali hayajakaa sawa. Je, anaweza kumwonyesha ni wapi hasa alipovuka?

Konstebo alimtazama yule askari magereza, labda akatae. Askari akapiga mwayo. Konstebo akafungua jalada juu ya mapaja ya Taa, juu ya mguu ule uliosagika, akaukunjua mchoro. Karatasi ilikuwa safi. Hakuna mahali palipoonekana kuwa pamefutwa.

"Hapa," alisema.

Taa aliinama karibu. Akaweka kidole chake pale palipokuwa na kidole cha konstebo, akakisogeza polepole mpaka kwenye mstari wa katikati, akakirudisha, kama mtu anayejifunza njia. Kisha akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ahsante," alisema. "Nilikuwa silali. Naona nilizembea palepale uliponikataza."

Mkewe aligeuka kutoka dirishani. Taa alikuwa bado ameinamia karatasi, na bila kuinua kidole akamwomba mwalimu amsamehe, alimpotezea Jumatano zake zote bure.