Jiwe Lisilo na Bunduki

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, aliingia karakanani bila hodi, akalikagua jiwe la kaburi la mumewe toka juu mpaka chini, kisha akauliza bunduki iko wapi.

Mchonga mawe hakuinua macho. Alishamweleza juzi, akarudia jana: makaburi yote ya askari yana bunduki iliyochongwa juu ya jina, lakini kwa tindo yake haitachongwa. Yeye ni Mmenonite, na Mmenonite hashiki bunduki, hata iwe ya jiwe.

"Kaka yako aliishika," mjane alisema. "Ndiyo maana wewe unalala mpaka unakoroma. Hiyo amani mnayoiimba kanisani kuna mtu aliipika, shemeji. Nyinyi kazi yenu kunawa mikono na kukaa mezani."

Nyundo ilimwasha kiganjani. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa ngumi, na kaka yake ndiye aliyekuwa akimdaka kola kabla hajairusha. Sasa mdakaji yuko ardhini.

"Kumlilia nitamlilia," alisema. "Kilichomuua sitakisifu."

Mjane alikuwa ameinama kwenye jina, kidole kikipita juu ya tarehe mbili zilizokuwa chini yake. Ya kufa aliijua. Kwenye ile nyingine kidole kilisimama.

"Hii siyo siku aliyozaliwa."

Mchonga mawe akamwambia ni siku aliyobatizwa. Kwao mtoto mchanga habatizwi. Mtu huingia majini akiwa na akili zake, na siku hiyo kaka yake aliahidi mbele ya kanisa zima kwamba hatamwaga damu ya mtu.

"Kumbe unamsuta," mjane alisema polepole. "Mtu kafa, bado unamsuta. Ili watu wa kanisani kwenu wakipita wasome kwamba mume wangu alivunja neno lake."

Mchonga mawe alifungua kinywa akane, akakumbuka jinsi alivyoichonga tarehe ile: meno yameumana, kila pigo kofi analompiga marehemu asiyeweza kurudisha. Hakuna askari aliyewahi kulenga vizuri kuliko yeye.

"Kweli," alisema.

Akachukua tindo pana, akaanza kuikwangua. Vumbi jeupe lilimwangukia mjane miguuni, naye hakusogea.

"Utaweka ya kuzaliwa?"

"Nitaweka."

"Na bunduki?"

"Hapana, shemeji."

Mjane akaivuta ndoo tupu, akaifudikiza, akaketi juu yake mkoba mapajani. Alisema atakaa hapo hapo mpaka namba ya mwisho, maana mtu wa amani ukimpa kisogo hujui atakuchonga wapi.

Tarehe ilikuwa imefutika, ila mahali pake palibaki bonde ambalo kidole chochote kingelihisi. Juu ya jina, mahali pa bunduki, jiwe lilikuwa laini.