Karai Dogo la Wenye Nadhiri

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kimekaangwa kikakauka, na kilikuwa kimetulia juu ya kijiko cha mama kati ya tambi mbili, kama mgeni aliyeingia akajikalia bila kubisha hodi. Mama alikuwa amegeuza uso kutazama barabara. Nilinyoosha vijiti vyangu, nikakinyakua, nikakificha kiganjani. Kilikuwa bado cha moto. Nilikibana mpaka kikavunjika, na mafuta yakapenya katikati ya vidole.

Mafuta ya nguruwe. Katika sahani ya mama.

Nusu ya sahani ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kumtazama kaka yangu Boon Keat hospitalini. Lori la mbao lilikuwa limemrusha kutoka kwenye pikipiki yake, na tangu siku hiyo alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa bendeji. Macho yake yalifumbuka mara kwa mara, lakini hapakuwa na mtu ndani yake. Wiki ile ile ya ajali mama alinichukua hadi hekalu la Kuan Im, Bibi wa Rehema. Alipiga magoti sakafuni, akainua udi juu ya paji la uso, nami nilikuwa nimepiga magoti kando yake, nikasikia kila neno.

"Kiumbe chenye damu hakitapita kinywani mwangu," alisema, "mpaka mwanangu akae mwenyewe kitako, aombe chakula kwa mdomo wake."

Kwetu Penang neno kama hilo halichezewi. Mtu akiweka nadhiri, jirani wanajua, na wauza chakula wanajua. Hata chombo kilichopikiwa nyama hakigusi. Ndiyo maana mkaanga tambi wa kona ya soko, ambaye wote tulimwita Mjomba Teik Hoe, alikuwa na makarai mawili. Kubwa lilikuwa la watu wote: mafuta ya nguruwe, kamba, kombe, soseji, mayai, tambi pana za mchele zikirukaruka juu ya mkaa mpaka zishike harufu ya moshi. Dogo, lenye kitambaa chekundu kwenye mpini, lilikuwa la wenye nadhiri na la wale wanaojinyima nyama mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Humo hakikuingia kitu ila mafuta ya karanga, tofu na machipukizi ya choroko. Hata kitunguu hakikuingia, maana nacho hukatazwa. Mkewe Gaik Hua akisogeza upawa karibu, Teik Hoe alikuwa akimpigia kelele mbele za watu: "We mwanamke! Ukichovya humo, moto wa ahera utakuunguza wewe, si mimi!" Watu walicheka. Tulimwamini kwa sababu ya kelele zile.

Nyumbani mama alikuwa hali kitu. Alikoroga uji, akauacha upoe, akaumwaga. Pale tu, mbele ya zile tambi zilizotandazwa juu ya jani la mgomba, ndipo nilipoona mashavu yake yakitikisika. Kila Jumamosi nilikuwa namvuta mkono mpaka kwenye meza ile, naye akija kama mtu anayekwenda kunywa dawa, kisha anakula. Nami nilikuwa nikikaa mbele yake nikimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila tonge.

Halafu watu wa televisheni wakaja. Walimpiga picha Teik Hoe akipunga kipepeo chake cha ukindu, jasho likimtiririka, wakamwita mfalme. Baada ya hapo magari yakaanza kumiminika kutoka Kuala Lumpur, na mabasi yenye pazia madirishani. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, na wenyeji tukaugua.

Nilisimama. "Nakwenda kuongeza pilipili," nilimwambia mama.

Teik Hoe alikuwa amejizungushia taulo shingoni, macho yake mekundu kwa moshi. Mstari wa watu ulifika hadi kwenye duka la vitambaa.

"Mjomba."

"Panga mstari, binti. Hata waziri akija atapanga."

"Nimeshakula. Karai dogo liko wapi?"

Kabla hajajibu nilikuwa nimeliona. Lilikuwa chini, karibu na ndoo ya barafu, kitambaa chekundu bado kimefungwa kwenye mpini. Lilikuwa limejaa kamba waliomenywa, waliowekewa barafu.

"Mama yangu umempikia kwenye nini?"

"Nililisugua hili kubwa kwanza. Moto unaondoa kila kitu."

"Hiki haukukiondoa." Nikafungua kiganja.

Akatazama. Kipepeo kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Binti, huoni umati huu? Nikae na makarai mawili kama mume wa wake wawili? Nikimhudumia huyu, yule ananuna."

Mtu mmoja mstarini akacheka. Mwingine, mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, akasema, "Dada, malizaneni basi. Tumeendesha gari tangu alfajiri, tuna njaa."

Nilisogea karibu na jiko mpaka joto likanipiga kifuani. "Mwanawe yuko hospitali," nilisema kwa sauti ya chini. "Unajua nadhiri yake. Ulijua vizuri."

"Nilijua. Punguza sauti basi." Akanitazama kwa mara ya kwanza, na sikuona aibu usoni mwake, niliona uchovu na ujanja. "Au paza. Tumwite mwenyewe aje asikie. Unataka?"

Hapo ndipo aliponikamata. Alijua siwezi kupiga kelele. Mama akisikia angekwenda nyumbani, angegeuza vioo vitazame ukuta kama kwenye msiba, angeanza kumlilia Boon Keat hali bado anapumua. Teik Hoe alijua hivyo, na kwa kuwa alijua, alinyunyiza sosi ya soya karaini kwa madaha, mkono juu, kama vile kamera zilikuwa bado zinamtazama.

Niliinama. Nilishika karai dogo kwa mikono miwili, nikalibeba mpaka ukingoni mwa mtaro, nikamwaga. Kamba wote, na barafu, na maji yao.

Gaik Hua alipiga yowe. "Kamba wa leo asubuhi! Mtoto wa nani huyu? Hana adabu, hana akili, mtoto wa nani?"

"Wa yule pale!" Sauti ilinitoka yenyewe, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. "Wa yule mwenye nadhiri, mliyemlisha nguruwe!"

Nikageuka, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkoba wake kwapani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alipita mbele yangu, akalichukua karai mikononi mwangu, akaliweka chini taratibu kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Akamtazama Teik Hoe.

"Leo umezidisha chumvi," akamwambia.

Kisha akanishika mkono, tukaondoka.

Tulitembea chini ya varanda za maduka. Nililia huku nikisema maneno mengi. Nilimwambia yeye hakujua alichokula, na Bibi wa Rehema anajua kwamba hakujua, na kosa la mtu asiyejua halina uzito. Nilimwambia dhambi yote iko kwa Teik Hoe, nyama na mfupa. Mama alisimama mbele ya mlango wa duka lililofungwa.

"Geok Tin," alisema. "Mimi nilikuwa mke wa nani?"

Sikuelewa. Baba, kabla hajafa, alikuwa akiuza nyama ya nguruwe sokoni.

"Mafuta ya nguruwe nimeyayeyusha tangu sijakuzaa. Nguo zangu za harusi zilinuka mafuta hayo. Unadhani ulimi wangu umekufa?"

"Ulijua?"

"Tangu tonge la kwanza."

"Na ukaendelea kula?"

"Nikaendelea kula." Alikuwa akitazama kufuli la mlango ule, si mimi. "Nimempigia magoti. Nimelinyima tumbo langu. Nimemwambia, chukua kinywa changu, mrudishie mwanangu chake. Kila siku nakwenda pale kitandani, mtoto ananitazama kama dirisha linavyomtazama mtu. Na yeye, huyo Bibi, kimya. Leo lilipofika lile tonge nikasema, haya. Mbona mimi peke yangu ndiye ninayeshika ahadi? Nikatafuna. Nilitaka aone."

Hakuwa na chozi. Mimi niliyemwaga kamba wa watu mtaroni nilikuwa nimedhani hasira ile yote ilikuwa yangu. Kumbe yangu ilikuwa cheche tu, na moto wenyewe ulikuwa kwake, umefukiwa vizuri, umekaa siku zote ukila ndani kwa ndani.

Nikamkasirikia na yeye. Niliona ameitupa roho ya kaka yangu mezani kama mtu anayetupa karata. Siku zilizofuata hatukusemezana ila ya lazima. Asubuhi kabla ya kazi nilikuwa napita hekaluni peke yangu. Nilimwomba Bibi wa Rehema asihesabu sahani ile, na sala yangu haikuwa ya unyenyekevu. Niliomba meno yamekazana. Nilimwambia kama ni lazima mtu alipe, anwani ya Teik Hoe anaijua.

Sasa nimeupita umri aliokuwa nao mama siku ile. Kona ile bado iko, na mtoto wa Teik Hoe ndiye anayekaanga, kwa gesi, mistari miwili ya watu wakinyanyua simu zao kupiga picha moto. Sijala pale tena. Teik Hoe mwenyewe alikwisha kufa, na jina lake namtajia Mungu kila siku, kwa kuwa nimefundishwa kutomruka yeyote aliyenikosea. Namtaja mwisho, kwa haraka, kama anayemeza mwarobaini.

Lakini wakati ule, baada ya sahani ile, Boon Keat alirudiwa na fahamu alasiri moja ya mvua. Muuguzi alitukuta ngazini akinyoosha mikono, na tulipoingia wodini alikuwa amekaa kitako, miguu inaning'inia, ameshikilia ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Midomo ilikuwa imepasuka. Alimtazama mama kwa muda mrefu, na safari hii macho yalikuwa na mwenyewe.

"Nina njaa," alisema. Halafu: "Tambi za Mjomba Teik Hoe. Na kombe wengi."

Mama akanigeukia.

"Hapana," nilisema. "Kwingine kote nitakwenda. Kule hapana."

"Ameomba kwa mdomo wake," mama alisema.

Nilikwenda. Nilisimama mstarini kwenye mvua bila mwavuli, kati ya wageni waliokuwa wakisifu harufu. Gaik Hua aliponiona alilivuta beseni la kamba mpaka katikati ya miguu yake. Nilipofika mbele Teik Hoe hakuinua macho.

"Ya mama?"

"Ya Boon Keat."

Mkono wake ukaganda juu ya karai. Mafuta yakaanza kutoa moshi, mkewe akamkemea, ndipo akaendelea. Alikaanga sahani ile peke yake, watu wakinung'unika nyuma yangu, akaweka kombe mpaka jani likashindwa kufunga. Alipunga mkono kukataa malipo. Niliyaacha pale pale kwenye ubao, nikaondoka bila kumshukuru. Njiani kifurushi kilinichoma kifua kupitia nguo iliyolowa, nami nilikuwa namsifu Mungu na kumlaani yule mtu kwa pumzi moja, sikuweza kuvitenganisha.

Boon Keat alikula tambi tatu. Zilimchukua muda mrefu. Mama alimlisha kwa vijiti, akimpulizia kila moja, na kombe akawanyambuanyambua kwa kucha wawe laini. Yeye mwenyewe hakuonja. Muuguzi alipita akajifanya haoni.

"Mama," nilisema, "kesho twende tukashukuru?"

Alikuwa akiondoa chipukizi lililonata kwenye kidevu cha kaka yangu. Alilitazama, akalifuta kwenye ukingo wa blauzi yake.

"Nitakwenda," alisema. "Ngoja kwanza hasira inipoe. Siwezi kumshikia udi na mkono unatetemeka."

Ilimchukua mpaka mvua zilipokwisha. Asubuhi moja aliamka, akaoga, akachana nywele zikiwa bado zimelowa, akatoka peke yake bila kuniita. Nilibaki nikipanguza madirisha yaliyokuwa safi. Alirudi karibu na adhuhuri, majivu ya udi kwenye bega, akavua viatu mlangoni, akaniuliza kama mchele umeshaoshwa.