Kurasa Ishirini Bila Kupepesa

Saa sita na nusu taa za ofisi zilizimwa, na idara nzima ikalalia madawati. Kwetu Hsinchu usingizi wa mchana si uvivu, ni ratiba: unamaliza wali wako wa boksi, unatoa kimto chako, unajifia hapo mpaka saa saba na nusu. Kuo wa upimaji alikuwa keshaanza kukoroma, mdomo wazi. Aliyekuwa macho ni Peng Hsueh-lan peke yake, mhandisi mkuu, amejikunja kando ya dirisha na kishikwambi cha kusomea mapajani.

Alikuwa anasoma barua. Ilitoka Shenzhen, ng'ambo ya mlango-bahari, kwa kampuni inayotengeneza vishikwambi kama hivyo hivyo vyao, na ilimwahidi cheo, nyumba, na nafasi ya shule kwa binti yake. Walichotaka ni aende na "uzoefu wake wote", na mtu mzima haulizi maana ya maneno hayo. Barua alikuwa nayo kwa wiki tatu sasa. Simu zinaachwa kwenye makabati ya getini, kompyuta zinachunguzwa kila herufi, basi akaona mahali salama pa kuisomea ni kishikwambi cha majaribio, ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote. Aliiingiza humo kwa memori kadi. Jamani, mtu aliyekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akasahau tabia zake! Siku hiyo aliisoma tena hadi mwisho, akachukua kalamu ya kishikwambi akaweka saini chini. Alidhamiria kuituma jioni akifika nyumbani. Halafu mwili ukalegea kama wa mtu aliyetua gunia, na usingizi ukambeba.

Taa zilipowashwa alishtuka. Barua ilikuwa bado wazi, saa nzima, saini yake imetulia pale chini. Akaifunga haraka, akachomoa kadi, akashusha pumzi.

Hajamaliza kuzishusha, Mzee Fan akaingia. Ndiye mwenye kampuni, mtu wa mji mdogo wa Beipu kama yeye, na ndiye aliyemwajiri akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu asiyejua hata kushika chuma cha kulehemu.

"Lan, mgeni keshafika! Lete hicho kitu."

"Si alisema saa nane, Mzee? Nipe dakika kumi nikisafishe."

"Mjapani akikwambia saa nane anafika saa saba na nusu. Lete, bwana!"

Akakichukua mwenyewe, akatoka nacho. Hsueh-lan alimfuata mbio. Kipo hicho kimoja tu. Cha pili kilipasuka kioo Jumatatu.

Wasomaji wa vitabu wanaijua kero ya vishikwambi vya rangi. Ukifungua ukurasa mpya, kivuli cha ukurasa wa nyuma kinabaki, na ili kukifuta kioo kinapepesa: cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, mpaka macho yanauma. Bwana Nishigaki wa Osaka, mgeni aliyekuja kununua, alikuwa na sharti moja. Kikipepesa hata mara moja mbele yake, anarudi kwao. Na akirudi kwao, Mzee Fan alishawaambia wazi, idara inafungwa Ijumaa. Hsueh-lan alikuwa ametumia miaka minne kuwafundisha zile chembe za rangi kujipanga bila kupepesa, ukurasa mmoja ukifuta kidogo, unaofuata ukifuta kidogo zaidi. Lakini hakuna aliyewahi kujaribu na ukurasa uliokaa saa nzima.

Chumba cha mgeni kilikuwa baridi ya kutetemesha. Mzee Fan alikuwa na imani yake kwamba mgeni hatokwi jasho kwenye nyumba yake, na ulikuwa Agosti, basi kiyoyozi kilikuwa nyuzi kumi na nane. Ole wake! Chembe za rangi zikipigwa na baridi zinakuwa nzito, na kivuli kinang'ang'ania.

"Karibu, tazama mwenyewe," Mzee Fan akasema, akampa mgeni kile kishikwambi kwa mikono miwili.

Nishigaki alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na Kichina chake alikisomea Taipei. Akafungua kitabu cha katuni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa msitu, kijani tupu. Wa pili bahari. Hakuna kilichopepesa. "Eeh," akasema, "hii nzuri." Hsueh-lan alikuwa nyuma ya bega lake, kucha zimezama viganjani. Aliomba kitabu kizima kiwe msitu.

Ukurasa wa tatu ulikuwa theluji.

Kwenye weupe ule mistari ikajitokeza, ya kijivu, hafifu lakini safi. Mgeni akasogeza kioo karibu na macho. "Na hiki nini?"

Mzee Fan akainama atazame. Herufi zilikuwa zile za Kichina zilizopunguzwa vistari, wanazoandika ng'ambo ya pili ya mlango-bahari. Hakuna ofisi ya Hsinchu inayoandika hivyo. Juu kabisa palisomeka: Kwa Mhandisi Peng Hsueh-lan. Uso wa Mzee ukabadilika. Labda hakuwa amesoma zaidi ya mstari huo, labda alitaka tu kuficha aibu ya nyumba yake, lakini kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kusafisha.

Na Hsueh-lan aliona yote kwa wakati mmoja. Kitufe kikibonyezwa, kioo kitapepesa, barua itafutika, na siri yake itabaki nusu siri. Angeweza kudanganya kitu, hata chochote. Alichotakiwa ni kunyamaza.

"Usiguse!" akapiga kelele.

Miaka ishirini na miwili hajawahi kumpandishia sauti, sembuse mbele ya mgeni. Mzee Fan akabaki kidole hewani.

"Samahani, Mzee. Bwana Nishigaki, kosa ni langu," akasema. "Niliacha ukurasa huo wazi saa nzima nikapitiwa na usingizi. Ni barua yangu. Endelea kufungua kurasa. Hakihitaji kupepesa, kitajisafisha chenyewe."

"Baada ya kurasa ngapi?"

"Ishirini," akasema. Kusema kweli hakuwa na uhakika.

"Vizuri. Wateja wangu wote hulala na kitabu mkononi," Nishigaki akasema. "Hicho ndicho nilichotaka kukiona."

Akafungua wa nne. Alikuwa mtu wa adabu, alitazama picha tu. Mzee Fan hakutazama picha. Alivaa miwani, akasoma. Wa tano, wa sita, cheo. Wa tisa, nyumba, shule ya mtoto. Kila ukurasa mistari ilizidi kufifia na Mzee alizidi kuinama, na Hsueh-lan alimwona akisoma midomo ikicheza, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa nyumbani kwake. Angeweza kufa pale pale kwa haya. Kufikia wa kumi na nne barua ilikuwa imekwisha, imebaki saini. Saini ilikataa. Wa kumi na saba ipo. Wa kumi na nane ipo. Wa kumi na tisa, ukikaza macho, ipo.

Wa ishirini ulikuwa ukuta mweupe wa nyumba, na ulikuwa mweupe kweli.

Nishigaki akacheka kwa furaha, akampigia makofi mhandisi. "Nimekubali. Tuandikiane leo leo."

Mzee Fan akaagiza chai, akamwomba mgeni radhi, akamwita Hsueh-lan nje kwenye korido. Alizungumza Kihakka, lugha ya kwao.

"Kwa nini ulinizuia?"

"Kingepepesa, Mzee. Tungemkosa mgeni."

"Ningemkosa mimi. Wewe una pa kwenda."

"Sikujifikiria mimi. Nilifikiria watu. Watu kumi na mmoja wa idara, na watoto wao. Nisingeweza."

Mzee Fan akavua miwani, akaifuta polepole kwa shati.

"Kumi na mmoja," akasema. "Lan, idara ina watu kumi na wawili."

Alitaka kumwambia barua hajaituma. Maneno yalimfika mdomoni, akaona hayana kazi. Mzee akamgusa bega kidogo, akarudi ndani kunywa chai na mgeni wake, na Hsueh-lan akabaki kwenye korido analia, kwa sababu mzee yule alikuwa amesema kweli: katika kuwahesabu watu wa idara, yeye mwenyewe alikuwa keshajitoa.