Kobe Hajatoa Kichwa

Zipu ya begi haina siri. Hata ukiivuta polepole namna gani, gizani itasikika tu. Kulikuwa hakujapambazuka nilipomsikia mume wangu akiivuta kidogo, akitulia, akiivuta tena, kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

"Unakwenda wapi, Baba Chiriku?"

"Nilidhani umelala."

"Nimekuuliza."

"Kwa kaka. Nitapanda basi la asubuhi. Nitakaa huko mpaka mambo yatengemae."

Nikakaa kitako kitandani. Mtu anayekwenda kutafuta kazi hubeba mashati mawili na vyeti vyake. Huyu alikuwa amepakia hadi koti lake la baridi.

"Na mtoto?"

"Mtoto gani, huyu asiyetaka hata kunisemesha? Si unaona mwenyewe? Ananipita kama anapita kaburi."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. Binti yetu tulimpa jina la Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuvuta pumzi. Huongea na sufuria, huongea na nguo kwenye kamba, huongea usingizini akabishana na asiyeonekana. Lakini tangu baba yake aondolewe kiwandani, alikokuwa fundi wa mitambo ya kufuma, alikuwa hajampa hata neno moja. Baba yake alishinda mkekani, mgongo ukutani, maana nyumba yetu ni ndogo na ukuta ulio wazi ni huo mmoja. Chiriku alimpita kwa ncha za vidole. Akiitwa, alitikisa kichwa na kukimbilia jikoni kwangu; hata viatu, ambavyo siku zote alifungiwa na baba yake, sasa alivileta kwangu. Mwanamume aliyezoea kupokelewa mlangoni kwa hadithi tatu kwa mpigo mmoja, sasa alipokelewa kwa kimya, nami nilimwona akinywea siku hadi siku.

"Watoto wana mambo yao," nilisema.

"Watoto hawajui kuficha. Ukikosa kazi, hata uliyemzaa anakuona kivuli." Akalisukuma begi ukutani kwa mguu. "Akinizoea hivi, bora anizoee nikiwa mbali."

Nilijua akiondoka na neno hilo kifuani, anaweza kurudi au asirudi, lakini atakayerudi hatakuwa yule yule.

Kulipokucha nilimwita Chiriku jikoni, nikamnawisha uso kwenye beseni.

"Baba amekukosea nini?"

Akatikisa kichwa, maji yakaniruka.

"Mbona humsemeshi?"

Alichungulia mlangoni kwanza. Kisha akanivuta gauni niiname, akaninong'oneza sikioni: "Haturuhusiwi. Kobe hajatoa kichwa."

Kobe ni mwanasesere wa plastiki ambaye mume wangu alimkuta kwenye mitumba, utumbo nje, akamtengeneza kwa springi ya saa mbovu. Ana ufunguo ubavuni. Ukiukaza, kichwa kinaingia ndani ya gamba. Muda ukiisha, kinachomoza na kengele inalia mara moja. Nilimhitaji kwa sababu ya masomo yangu ya jioni, ya malezi ya watoto wadogo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtoto akifanya utundu si lazima kofi. Mkalishe mahali pamoja kwa dakika chache, atulie, naye ajue mwisho wake uko wapi. Sikutaka tuite adhabu. Tukaita kupumzishwa. Chiriku akimwaga unga kwa makusudi, anapumzishwa kwenye mkeka ule ule wa ukutani, Kobe anategwa mbele yake, na hakuna ruhusa ya mtu kumsemesha mpaka Kobe atoe kichwa. Sheria hiyo niliisimamia kweli kweli. Shangazi yake aliwahi kumtania akiwa mkekani, nikamtoa shangazi sebuleni.

"Nani kakwambia baba amepumzishwa?" nilimuuliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulimwambia mama wa cherehani."

Nikakumbuka. Jirani yetu mshonaji alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akasema, "Nasikia Baba Chiriku amepumzishwa kazi. Poleni." Nami nikajibu, "Ndiyo jirani, amepumzishwa." Ndivyo watu wazima wanavyosema wakiogopa kusema amefukuzwa. Chiriku alikuwa ameshika pindo la gauni langu.

"Mlimpumzisha, halafu mkasahau kumtegea Kobe," aliniambia, na sasa machozi yalikuwa yanamlenga. "Amekaa sana, mama. Alifanya nini?"

Nilimwacha na taulo usoni, nikaenda kumweleza mume wangu, neno kwa neno. Nilitegemea acheke. Alianza kweli, kisha akaketi mkekani.

"Kumbe anafuata sheria," alisema.

"Anafuata sheria."

"Sheria zenu za darasani hizo." Alilitazama begi, akautazama mlango wa jikoni. "Mwambie amlete Kobe."

"Na basi?"

"Mwambie amlete, mama."

Chiriku alimleta Kobe kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Akamweka mkekani mbele ya baba yake, akaukaza ufunguo mpaka ukagoma.

"Mbona mpaka mwisho?" nilinong'ona.

"Mtu mzima huyu," akanijibu vivyo hivyo.

Kichwa kikaingia. Tukakaa, sisi wawili upande huu, yeye upande ule, hakuna aliyesema. Springi ilitembea taratibu. Nje mabasi ya asubuhi yalianza kupita, moja baada ya jingine, na mume wangu hakugeuza shingo. Alikuwa akilitazama gamba lile alilolikaza skrubu kwa mkono wake.

Kengele ikalia. Kobe akachomoza.

Kwa sheria yetu, aliyepumzishwa husema alichokosa, kisha hukumbatiwa. Siku zote mimi ndiye ninayeuliza. Asubuhi ile alisema mwenyewe kabla sijauliza, akimwelekea mtoto.

"Kiwandani walileta mitambo mipya. Tukawa watu wengi kuliko kazi. Wakasoma majina, na langu likawamo." Akamrudishia mtoto Kobe. "Sikuvunja kitu. Sikugombana na mtu. Mimi sikukosa, mwanangu."

Siku zote zile alikuwa hajawahi kulisema hilo, si kwangu, si kwa kaka yake kwenye simu. Alilisema kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Akajifunika uso kwa viganja.

Chiriku alimtazama kwa makini, kama mtu mzima anayepima maneno. Akainuka, akatoka hadi barazani. Akarudi na viatu vyake vya kutokea, akajipenyeza mapajani mwa baba yake, akanyoosha mguu mmoja.

"Baba, nifungie viatu."